Ishirini na Tano Nukta Tatu

...na kama ni kushika darasa basi Eucabeth amelishika, hilo hata Dakta Obare, mkaguzi wake kutoka chuoni, hawezi kulikana, mwangalie mzee alivyotulia kule nyuma kwenye stuli ya mbao, faili la maandalio ya somo liko wazi pajani, kalamu inatembea, na kalamu ya Dakta Obare ikitembea polepole hivyo bila kusimama ni dalili njema, wanachuo wenzake wote walio kwenye mazoezi ya kufundisha kuanzia Rongo hadi Homa Bay wameandika hivyo kwenye kundi lao la WhatsApp, ikisimama ndipo uanze kusali, nayo haijasimama, nusu saa nzima haijasimama, kwa hiyo Eucabeth, mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyebakiza saini moja tu aitwe mwalimu wa kemia, anapita katikati ya meza za maabara mikono nyuma, koti jeupe limepigwa pasi mpaka kola inamkwaruza shingo, anainama hapa kutazama bureti, anatikisa kichwa pale kwa kuridhika, kidato cha tatu, wanafunzi thelathini na nane, na hakuna hata mmoja anayepiga kelele, asidi inadondoka tone kwa tone, rangi ya waridi inafifia ndani ya chupa mpaka inakuwa kama maji, ona, ona huyu alivyofunga koki kwa wakati wake, nani kamfundisha? yeye, nani mwingine, na majibu kwenye madaftari yanakubaliana kama waumini wakiitikia amina, ishirini na tano nukta tatu, ishirini na tano nukta mbili, ishirini na tano nukta tatu, ile ile aliyoipata yeye asubuhi alipojaribu peke yake kabla ya gwaride, ile ile aliyoiandika kwa wino kwenye faili lililo pajani mwa Dakta Obare, matokeo yanayotarajiwa, akapiga mstari chini yake, mistari miwili, akitoka hapa atampigia mama simu sokoni Rongo, atamwambia, mama, yule mzee wa chuo ambaye kila mtu anamwogopa ameweka saini... na hapo ndipo mkono unapoinuka kwenye meza ya dirishani, mkono wa Robi, msichana wa Isebania ambaye hazungumzi mpaka aulizwe. "Madam, mimi napata ishirini na nne pointi tatu. Nimerudia mara tatu. Sasa niandike gani?"

Niandike gani, swali gani hilo, si uandike uliyopata, mwalimu yeyote angejibu hivyo bila hata kugeuka, na mdomo wa Eucabeth umeshafunguka, lakini macho yametangulia yakashuka kwenye daftari la Robi, na hapo kwenye daftari ziko tatu zimepangana, ishirini na nne nukta tatu, ishirini na nne nukta tatu, ishirini na nne nukta nne, zimeandikwa kwa penseli iliyokandamizwa, na raba iko kwenye vidole vya mtoto tayari, inasubiri amri tu, amri ya nani? yake... na kando ya Robi yuko Adhiambo, kiranja wa maabara, msichana mwepesi kama umeme, ukurasa wake umesuguliwa mahali pa jibu mpaka karatasi imeota manyoya, na juu ya manyoya hayo imekaa ishirini na tano nukta tatu, safi, ya kupendeza, na meza ya mbele vilevile, manyoya, na ya nyuma, manyoya, sasa mbona hakuyaona alipopita, alikuwa anaangalia nini muda wote huu, alikuwa anaangalia kalamu ya Dakta Obare, basi. "Andika ya Madam, Robi," Adhiambo ananong'ona, anadhani ananong'ona, "adier, kweli kabisa, wewe unatusumbua na nini?" Ya Madam, ameijuaje ya Madam? lakini huo ni upuuzi wa kuuliza, nani aliyeachiwa bureti ya mwalimu aioshe asubuhi kama si Adhiambo, na nani duniani angeimwaga kabla ya kuisoma, Mwalimu Machuki alimwonya siku ya kwanza alipofika hapa kutoka Rongo na sanduku lake, Mwalimu Machuki ambaye kemia ya shule hii nzima iko mabegani mwake miaka kumi na mmoja, alimwambia, "Madam, hapa watoto wananusa namba ya mwalimu vile paka ananusa omena. Ficha, ama uwape, lakini usijidanganye eti hawajui," na wote wawili wakacheka, kwa sababu kila aliyepita shule ya upili anajua kisa chenyewe, kwenye mtihani wa vitendo jibu lako linapimwa kwa jibu la mwalimu wako, ukilikaribia umeokoka, ukiwa mbali umekwisha, hivyo mtoto mwenye akili hatafuti asidi imetumika kiasi gani, anatafuta mwalimu alipata ngapi... yeye mwenyewe je? si alikuwa bingwa wa kunusa, kule Migori, kidato cha tatu kama hawa, alipata ishirini na moja nukta saba, akasikia fununu kwamba ya mwalimu ni ishirini kasoro kidogo, akasugua, akaandika kumi na tisa nukta tisa, akapata alama zote na tiki nyekundu kubwa, darasa likampigia makofi, na jioni ile akiwa anafua soksi akajiuliza ile ishirini na moja nukta saba ilikuwa na kosa gani, hakuna aliyemwambia, mpaka leo hajui, na inamuudhi, sasa hivi hapa kando ya dirisha, harufu ya omena zinazoanikwa ufukweni ikiingia, inamuudhi kama imetokea jana.

Haya, tulia, wewe ni mwanasayansi, usianze kulia kwa ajili ya soksi, labda Robi ndiye aliyekosea, mtu mmoja dhidi ya thelathini na saba... ila hao thelathini na saba wamesugua, kwa hiyo si thelathini na saba, ni mmoja tu, ni yeye Eucabeth, aliyezidishwa na raba, kwa hiyo ni Robi dhidi ya Madam, haya, twende hatua kwa hatua, asidi? ni ya mtungi mmoja, ameipima mwenyewe, alkali? mtungi mmoja pia, bureti ya Robi haina povu kwenye ncha, faneli imetolewa, jicho la mtoto liko sawa na mstari, anasoma vizuri kuliko wote, pipeti ameijaza mpaka alama, basi imebaki chupa, chupa ya koni inayopokea, na Eucabeth anajisikia akiuliza, sauti yake ikiwa tulivu kuliko moyo wake, "Robi, chupa yako umeisuuza na nini?" na Robi anamwangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake, "Na maji peke yake, Madam. Vile ulituimbisha jana," na ni kweli aliwaimbisha, jana saa nne, kwa makofi, pipeti isuuze na alkali yake, bureti isuuze na asidi yake, chupa ya koni maji tu, maji tu, maji tu, mpaka Mwalimu Machuki akachungulia mlangoni kuona kama kuna harusi, na aliwaeleza sababu pia, ukisuuza chupa na alkali itabaki kidogo ndani, na hiyo kidogo itadai asidi yake, na jibu litapanda... litapanda kiasi gani? kiasi cha moja hivi, kutoka ishirini na nne nukta tatu mpaka... Eucabeth wewe! vidole vyako asubuhi, kumbuka vidole, vilikuwa vinateleza, vilikuwa na utelezi wa sabuni, ukavifuta kwenye kitambaa ukadhani ni sabuni ya Adhiambo, na ilikuwa alkali, kwa sababu ulimimina alkali kidogo ndani ya chupa, ukafunika mdomo wake kwa kiganja, ukatikisa mara tatu, ukamwaga, bila kufikiri, akili yako ikiwa kwa Dakta Obare na basi lake, na huo haukuwa mkono wa mwalimu wa kemia, huo ulikuwa mkono wa mama, wa mama Bitutu muuza maziwa lala wa soko la Rongo, ambaye mteja akileta chupa yake ya nyumbani huichukua bila neno, humimina maziwa kidogo ndani, hufunika kwa kiganja, hutikisa, humwagia paka, ndipo apime, "kwa sababu maji yakibaki chini watasema Nyar Kisii, huyu binti wa Kisii, ametuchanganyia, na jina likiharibika sokoni halifuliki," na Eucabeth ndiye aliyeishika kazi hiyo kuanzia darasa la nne, kila Jumapili, chupa kwa chupa, mpaka kiganja kikajua chenyewe, na leo mtihani umefika na kiganja kikafanya kazi kiliyofundishwa kwanza, tena kwa uaminifu, mara tatu, chupa tatu, utelezi ule ule, jibu lile lile, na kwa sababu lilikuwa lile lile akalipigia mistari miwili.

Anataka kucheka, na aibu imempanda mpaka masikioni, vyote kwa pamoja, mama, umenitia kwenye faili, kosa lake limeandikwa kwa wino na liko pajani mwa mtu mwenye saini, na lililo zuri, au baya, ni kwamba hakuna anayejua, hakuna, kwa Dakta Obare darasa zima limefikia matokeo yanayotarajiwa isipokuwa msichana mmoja wa pembeni, na kila darasa lina msichana mmoja wa pembeni, mwambie tu Robi arudie tena polepole, atarudia, ataona kila mtu ana ishirini na tano, atasugua, kengele itapigwa, saini itawekwa, mwakani ana darasa lake popote pale, Mbita, Isebania, popote, na mwaka jana si Dakta Obare huyu huyu aliyemrudisha kijana wa fizikia akarudie muhula mzima kwa kuchora mkondo wa umeme kinyume? muhula mzima, Eucabeth, kurudia gwaride, kurudia stuli hii, kumweleza mama kwa nini... na kwa nini yenyewe ni nini, kwa sababu yako, mama. Kule nyuma stuli inalia, Dakta Obare anakohoa, "Mwalimu, endelea tu, jifanye mimi siko," na Eucabeth anageuka nusu na kuona kitu ambacho hakutaka kukiona leo, kalamu imesimama, imesimama kabisa, imeelekea juu, na macho ya mzee yako kwenye daftari la Robi, au yako kwenye raba, kutoka kule nyuma nani ajuaye anaona nini, haya, si wamesema ikisimama uanze kusali? sali basi... lakini sala haiji, kinachokuja ni yule msichana wa Migori na soksi zake, na swali lake ambalo halikujibiwa na mtu mzima yeyote, na kumbe jibu lilikuwa rahisi hivi, kumbe huenda mwalimu wake naye alikuwa na kiganja chake, na mama yake, na asubuhi yake ya haraka, na angeweza kusema, ilikuwa inahitaji sentensi moja tu, na hakuisema, wakampigia mtoto makofi kwa kusugua... Robi bado anangoja, hajashusha daftari, hajainua raba, shingo yake imekakamaa kidogo, huyu ameshasema mara moja mbele ya watu na hatasema tena kama leo hatajibiwa, Eucabeth anamjua, wanafunzi hawa amewajua kwa wiki kumi na moja na anawajua vizuri, kwa sababu yeye ni mwalimu mzuri, ndiyo, bado anasema hivyo, mwalimu mzuri sana, wimbo ule aliutunga yeye, na kama si wimbo ule Robi asingeipata ishirini na nne nukta tatu, asingeipata kamwe, hebu fikiri, somo la jana limefanya kazi mpaka likamshinda mwalimu mwenyewe, na kutoka nyayoni kunampanda kitu kikubwa, furaha, hakuna jina lingine, furaha yenye hofu ndani yake lakini furaha, kengele haijapigwa, Adhiambo bado amekunja uso, tone moja la asidi limening'inia kwenye ncha ya bureti halijadondoka, kalamu ya Dakta Obare bado iko hewani, na Eucabeth Nyasuguta, mtoto wa muuza maziwa, ananyoosha kiganja chake wazi mbele ya Robi. "Jibu lako usiliguse," anasema, kwa sauti ya kufika mpaka kule nyuma. "Nipe hiyo raba. Mimi ndiye nimekosea."