Nilivyomsafishia Mkwe Uwanja

Kwanza tuelewane: mie si mchawi. Nalisema mapema kwa sababu kule Kinyerezi mtaa mzima walishaniamulia, na aliyewapelekea habari ni Mama Gladness, jirani wa mwanangu, aliyenichungulia ukutani asubuhi nzima asiniambie neno la maana.

Mwanangu Farhan alimwoa Asifiwe, binti wa Tukuyu, bomani. Mie sikwenda. Nilisema mengi, mengine siyarudii hapa. Miaka minne sikukanyaga kwao, na kiburi kikikaa sana kinamuuma mwenyewe. Basi mwaka huu Farhan akaniambia anakwenda Dodoma kikazi wiki moja, mkewe atabaki peke yake, niende nikampe kampani. Nikajua nafasi yangu ndiyo hiyo. Siku saba za kumfanya yule binti anitake. Nikishindwa, nirudi zangu Vingunguti nikazeeke na televisheni.

Nilifika giza limeshaingia. Akanipokea vizuri, shikamoo mama, chai, kitanda kimetandikwa. Heshima tele, ila ya ofisini. Tulikula kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Alfajiri akaondoka kuiwahi foleni, nami nikasali, nikafungua mlango niuone uwanja.

Nilishika mdomo. Majani kutoka getini hadi kizingitini, yamefika kwenye kifundo cha mguu. Sie tuliolelewa pwani, uwanja ni mchanga, unafagiwa mpaka michirizi ya ufagio ionekane, na nyumba yenye majani mlangoni ama imehamwa ama mwenye nyumba ni nyoka. Juu ya majani kumetapakaa samadi, nikajua ng'ombe wa watu wameingia. Kwenye kona kuna lundo la maganda ya ndizi, halijazolewa sijui tangu lini. Kilichonitia huruma zaidi ni kando ya njia: pamelimwa mstari mmoja mwembamba, umenyooka kabisa, halafu basi. Maskini wa Mungu, nikasema, alianza kulima akachoka. Anatoka alfajiri anarudi jioni, nani wa kumsaidia?

Nikaona hapahapa ndipo nitakapompata. Maneno matamu sina, mikono ninayo. Nikajifunga kanga kiunoni, nikachukua jembe stoo.

Kichwa cha Mama Gladness kikatokeza juu ya ukuta. "Shikamoo bibi. Umetumwa?"

"Marahaba. Nimejituma."

Akanitolea macho, akashuka.

Adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Lundo nimelitia kiberiti na majani juu yake, uwanja nimeufagia, nimenyunyiza maji vumbi litulie. Ungeweza kuanika mpunga pale. Nikapika wali wa nazi na samaki, nikaoga, nikakaa barazani kusubiri kushukuriwa.

Asifiwe alisimama getini, mkoba begani. Aliutazama uwanja, kisha akarudi nyuma akatazama namba ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Majani yangu yako wapi?"

"Nimeyachoma," nikasema, bado natabasamu.

Akakaa chini palepale na sketi yake ya kazini. Ndipo nikaelezwa. Majani yale yalipandwa, kipande kimoja kimoja, na mwezi ule wa jua kali aliyaacha marefu makusudi yasiungue. Samadi ililetwa na pikapu, kwa sababu dawa na mbolea za dukani hazitaki. Lundo nililochoma ni mboji ya miezi minane. Na ule mstari si uvivu. Anaukata mwenyewe kila Jumamosi kutenga majani na njia, kwa kamba na chepe lililonolewa, na ndio urembo wenyewe.

"Sasa mwanangu, majani mbele ya nyumba ya nini?"

Hapo ndipo alipolia. "Mama, Jumapili wenzangu wanakwendaga kwa wakwe zao. Mie nilikuwa sina pa kwenda. Nikapanda majani."

Nilitamani udongo ule niliousafisha unifunike. Miaka minne nimemuumiza mtoto wa watu, na siku ninayokuja kutengeneza, nimelima hadi kile kilichokuwa kinamliwaza. Nikaingia ndani kufunga begi. Akanikuta kwenye korido, macho mekundu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu, mwanangu. Nisamehe."

"Na nani atapanda? Hutoki hapa mpaka yajae."

Hakusema kwa mapenzi, alisema kwa hasira. Mie nikarudisha begi upesi kabla hajaghairi.

Mama Gladness, sijui kwa huruma au kwa kutafuta habari zaidi, akatupatia mbegu, vipande vya majani ya kwake. Tukapanda kila jioni, wawili tumepiga magoti. Nikafunzwa kuvuta kamba. Nikimwambia mstari umepinda, ananiambia yaliyopinda ni macho yangu. Farhan aliporudi kutoka Dodoma alitukuta tunagombania kamba, akapita ndani akajipakulia chakula.

Baada ya miezi miwili na ushee majani yalishika kote, isipokuwa kona ya tenki la maji, upana wa mkeka hivi.

"Mama, pale bado," Asifiwe akawa ananiambia. "Huondoki."

"Naona, mwanangu. Udongo wa pale mgumu."

Udongo haukuwa na neno. Kila akishatoka kwenda kazini, mie nilikuwa nachuchumaa pale nang'oa machipukizi, moja moja, nayatupa nyuma ya nyumba. Kosa la kwanza nililifanya kwa ujinga. Hili nililifanya kwa akili timamu, na nisingeacha.

Wiki iliyopita mgongo ukanikamata. Siku tatu sikuigusa ile kona, na kwa mvua zilivyokuwa zinanyesha nikajua kwisha habari yangu. Jumamosi asubuhi na mapema nikajikongoja hadi dirishani, nikafunua pazia nione hayo majani ya kunirudisha Vingunguti.

Asifiwe alikuwa amechuchumaa kando ya tenki, na kanga yake ya kulalia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akang'oa chipukizi, akalitia kwenye ndoo. Kisha lingine.

Nikaachia pazia taratibu, nikarudi kitandani. Nikasubiri amalize kabisa, ndipo nikakohoa.