Unga wa Kinywe

Kila asubuhi, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba pale Dutwa, Nyanjige alichota vijiko viwili vya unga wa kinywe, madini yale ya kutengenezea penseli, akaunyunyiza kwenye shafti ya mashine. Kwa joto lile grisi huungua ikabaki moshi, na vyuma vikaanza kutafunana. Unga ule mweusi ndio uliovipatanisha. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilimwachia macho mekundu na ngozi isiyoshikika. Ukimpa mkono, unateleza hadi kwenye kiwiko.

Utelezi watu walishauzoea. Macho ndiyo yaliyosemwa. Ng'ombe watatu wa Mashimba, mlisha mbegu wa mashine hiyohiyo, walipokufa, mganga alimwambia atafute mchawi mwenye macho mekundu. Nyanjige alikuwa nayo. Mdogo wake Scola alikuwa nayo pia, kwa moshi wa jikoni tu, masikini.

Nyanjige alimletea mdogo wake unga kwenye kitambaa, akampaka mwenyewe mwili mzima.

"Usioge mpaka haya maneno yapoe."

"Dada, kesho Jumapili! Niende kanisani kama sufuria?"

Jumapili saa saba mchana Mashimba alikuja na wenzake wawili, mapanga mkononi. Walianza na mkubwa. Panga la kwanza lilimteleza Nyanjige begani likazama kwenye fremu ya mlango. La pili liliteleza shingoni likamkata mmoja wao vidole vitatu, damu ikaruka ukutani. Walimkata mara kumi na moja, panga likiteleza kila mara, wakihema na kutukana.

"Huyu ana kinywe," Mashimba alisema. "Twendeni kwa mdogo wake."

Nyanjige alimrukia, akamkumbatia miguu kwa nguvu zake zote. Mashimba alichomoka kama anavua gambuti. Akamkamata tena, akachomoka tena. Nyanjige alibaki chini, akipiga kelele: "Scola, kimbia!"

Scola alikuwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, ananukia sabuni. Kwake pigo moja lilitosha.

Polisi walikuja, wakauliza nani ameona. Hakuna aliyeona.

Jumatano Nyanjige alirudi kazini. Mashimba alikuwa mahali pake, mkono mmoja ndani ya mdomo wa mashine, akizibua mbegu.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, kwa heshima ya mtu kwa mama yake. "Shafti inalia tangu jana."

Nyanjige alimchukia hadi meno yakamuuma. Aliutazama ule mkono, akaitazama shafti; ikikatika, ingeondoka na mkono huo.

"Mwangaluka," aliitika.

Akachota vijiko viwili, akanyunyiza. Vyuma vikanyamaza.