Siku ya Kupimwa Mabati

Mtoto alilia tangu jua lichomoze mpaka sauti ikamkauka. Bibi yake, dobi wa nguo za watu, alimpepea kwa mfuniko wa ndoo. Chumba chao cha bati kilikuwa tanuri. Na ukuta wa zege wa ghala la jirani, ukishashiba joto mchana kutwa, ulilitapika jioni, watu wakitaka kulala.

Nesi alishamwambia: "Bibi, huyu haumwi homa. Anaokwa. Mtafutie ubaridi."

Ubaridi hauuzwi dukani.

Ndipo likaja gari la maji. Dobi akatoka mbio na ndoo mbili. Mwenyekiti wa mtaa akamzibia njia.

"Weka chini, mama. Haya ni ya mabati."

"Kwani mabati yana kiu?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mtaalamu wa mradi wa rangi anarusha droni sasa hivi. Ina kamera inayopima joto la kila paa. Tunataka tuonekane vizuri."

Vizuri kwa nani? Dobi akatupa jicho ng'ambo. Rangi nyeupe ya kupoza mapaa yao ililetwa, wakaambiwa washukuru, wakashukuru, kopo hawakuliona. Ila nyumba ya wageni ya mwenyekiti ilikuwa inang'aa kama yai, mpaka ukuta wa choo.

"Langu msilimwagie. Walipime lilivyo."

"Mama, usinivunjie heshima."

"Nani kakuvunjia? Kamera itazame. Au inaona haya?"

Mwenyekiti akalainika ghafla, mpole kama paka aliyeona maziwa. "Mjukuu wako huyo analia. Maji yakipita juu, chumba kinapoa papo hapo. Basi, sema mwenyewe."

Ndani mtoto akatoa kilio chembamba, kikakatikia njiani. Dobi alijua ananunuliwa. Bei yake nayo aliijua. Akapisha.

Maji yalipopiga bati, likalia chwaa kama kikaango cha moto, mvuke ukapanda. Kisha ubaridi ukashuka chumbani. Mtoto akashusha pumzi, akalala kinywa wazi. Droni ikapita juu ikivuma kama nyigu. Bibi hakujitikisa, asije akamwamsha.

Adhuhuri bati lilikuwa limekauka, linalia ta-ta kwa jua. Gari lilishakwenda zake. Mtaalamu, ambaye hakupanda hata paa moja, alisimama kwenye kivuli cha nyumba ya wageni akiwaonyesha watu picha kwenye simu: mtaa wa pili mwekundu kama kaa la moto, mtaa wao buluu tupu ya ubaridi.

"Hongereni! Rangi mliyopewa imefanya kazi. Mradi sasa unahamia kwa wenzenu wenye shida."

Mwenyekiti akawa wa kwanza kupiga makofi.

"Sema basi, wewe si una mdomo!" jirani akamnong'oneza dobi.

Dobi akainamia simu, akalitafuta paa lake. Lilikuwa buluu kama mengine. Mdomo aliokuwa ameufungua akaufunga. Begani mjukuu alilegea shingo, midomo imepasuka, hana tena sauti ya kulilia.

Mtaalamu akamchekea. "Mnaona? Hata mtoto ametulia."