Waombolezaji wa Albania Katika Maziko ya Katwe

Saa kumi jioni, Jumatano moja ya Machi 1975, redio ya Kakule, fundi Mkongo wa Katwe, ilitoa vilio vya wanaume. Mmoja aliongoza, wengine walimshikia sauti moja nzito. Sajini aliyekuwa akipita alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Fundi, nani amekufa? Serikali imeanguka?"

"Hapana, afande!" Kakule alisema haraka. "Ni Waalbania. Wanamwimbia shujaa wao aliyeuawa vitani miaka mia tano iliyopita."

"Na bado wanalia? Mama mkwe wangu tunamzika Jumamosi, na wanawe hawana hata chozi. Siku hiyo lete hawa wanaume makaburini, saa kumi kama leo. Wasipolia, utalia wewe."

Jumamosi saa kumi redio iliwekwa kando ya kaburi. Msomaji mmoja alikuwa akisoma taarifa ya habari kwa Kialbania, bila haraka.

Sajini alimgeukia Kakule. "Mbona halii?"

Kakule aliinamisha kichwa. "Anataja majina ya mashujaa, afande. Sisi ndio tunamshikia sauti."

Sajini alianza kuguna kwa sauti nzito. Ukoo mzima ukamfuata, wengine wakibubujikwa na machozi. Taarifa iliisha saa kumi na robo. Kakule alipewa paja la mbuzi.