Wimbo wa Kutembeza Minyaa

"Geuza hiyo rekodi!"

"Sigeuzi."

"Wewe kijana, nitaipasua na jembe, pamoja na kichwa chako."

"Pasua, baba mdogo. Halafu uende ukaulize minyaa yako inatafuta nini kwa zizi."

Nyangau alishusha jembe, kwa sababu ilikuwa kweli. Asubuhi ule ua wa minyaa ulikuwa umesimama katikati ya majani chai. Sasa ulikuwa juu, mbele ya zizi lake, na mizizi ilikuwa bado inajipanga kwa udongo. Utomvu mweupe ulikuwa unadondoka. Ndama wake alikuwa amefunga jicho moja, na hilo jicho halikufunguka tena.

"Piga upande ule mwingine," Nyangau akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ule wa ngoma. Ule ni mzuri."

Nyangau alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Gesima nzima, ndiye mzee wa kanisa pekee aliyekuwa anaomba nyimbo za dunia zipigwe, mradi ziwe za upande wa kwanza.

Rekodi yenyewe Machogu, yule kijana, aliitoa mjini Kisii, kwa duka la Obura, mtu wa ziwani aliyekuwa anauza gramafoni za betri, kama ile ya Machogu, na kutengeneza redio. Machogu alikuwa ameacha shule darasa la sita. Alibeba mizigo stendi akachoka, akapasua mbao akagombana na tajiri, akarudi nyumbani kuchuna chai na hiyo pia ikamshinda. Kitu pekee kilichomkalisha chini ni ile bendi ya Waingereza wa nywele ndefu, ambayo hata watoto wa shule walikuwa wanaimba nyimbo zake bila kujua maneno.

"Upande huu ndio wimbo," Obura alimwambia, akiipangusa kwa shati. "Huo mwingine wacha. Hiyo waliimba wakingojea gari."

"Umewahi kuusikia?"

"Omera, ndugu yangu, mimi nauza. Kusikiza ni kazi yenu."

Machogu aliusikiza. Ulikuwa mtu mmoja na gita moja, anaimba polepole kama anaongea na ukuta. Katikati gita linakatika, mwimbaji ananyamaza, halafu unasikia akivuta pumzi, karibu kabisa, kama mtu amesimama nyuma ya mlango wako. Hapo Obura akatoa sindano, mteja alikuwa amekuja. Machogu aliona hii bendi haijawahi kuimba kitu kizuri namna hiyo, na watu wote wa dunia wanaogeuza rekodi kabla ya kufika hapo ni wajinga.

Siku ya kwanza alipoupiga nyumbani, mama yake, Orpah, alikuwa amekaa uani anatoa maharagwe kwa maganda. Ua wa juu, ule wa kutenganisha shamba lao na la Nyangau, uliinuka. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anachana blanketi. Ulitembea kupanda mlima, mti kwa mti, ukapita kwa majani chai bila kuvunja hata tawi, ukasimama palepale Obwocha, baba yake Machogu, alipoupanda alipokuwa hai. Kila mtu alijua Nyangau aliuhamisha baada ya kumzika ndugu yake, kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema.

Mwimbaji alipovuta pumzi, Orpah aliangalia ua huo, akaangalia ule wa chini, kule kwa mjane Nyamusi, akaangalia gramafoni. Maharagwe yalikuwa yanaanguka nje ya ungo.

"Toa sindano," akasema.

"Mama, haujaisha."

"Toa! Hapo anapovuta pumzi, hapohapo. Usiwahi kupita hapo."

Ikawa ni hivyo. Nyangau na vijana wake wanang'oa minyaa, wanairudisha chini. Machogu anaweka rekodi, minyaa inapanda. Majirani walikuja kuona, na hakuna aliyesema ni uongo. Walisimama kidogo, wakamsalimia Orpah, halafu kila mmoja kwa wakati wake akamvuta Machogu kando.

"Kijana wetu, hiyo kitu yako ni nzuri. Lakini tafadhali, usiipitishe karibu na kwangu."

Hata mwalimu alisema hivyo. Hata katekista wa Wakatoliki. Harusi ilipokuwa, mtu alitumwa kwanza kuuliza gramafoni itakuja na rekodi gani. Usiku watu walikuwa wanalala sikio likiwa nje, na upepo ukipiga majani ya ndizi, mtu anatoka na tochi kuangalia kama ua wake bado uko.

Halafu chifu akatangaza kwa baraza: wapima mashamba wanakuja Ijumaa. Watapima kila shamba, watazika mawe ya mpaka, kila mtu atapewa namba yake. Ua watakaoukuta ndio mpaka, leo na milele, na atakayeleta maneno baadaye ajue serikali haina masikio mawili.

Orpah alifurahi. Alimwambia Machogu apige rekodi Ijumaa alfajiri, kwa nusu, ua wa juu ukae mahali pake, basi. Akaenda sokoni Alhamisi kununua sukari ya kuwapikia wapima chai.

Machogu akabaki peke yake na rekodi. Ni yeye aliyekuwa ameitetea kwa kila mtu, na hajawahi kusikia mwisho wake. Hiyo ilimkera kama mwiba kwa kidole. Akaweka sindano. Ua wa juu ukapanda, kama kawaida. Mwimbaji akavuta pumzi. Machogu hakutoa mkono mfukoni.

Gita likarudi, safari hii na ngoma nyuma yake, nzito. Na ua wa chini, ule wa upande wa Nyamusi, ukainuka.

Huo haukuwahi kutikisika. Machogu alizaliwa akaukuta pale. Ulianza kuja kwake, mrefu, mzee, mizizi minene kama mikono ya mtu. Kuku walikimbia. Mbwa aliingia chini ya ghala akafunika uso. Ua ukapita mashamba ya chai, ukapita migomba, ukapita jiko. Machogu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa nyumba, na ua ukapasuka katikati, ukamzunguka yeye na nyumba, ukajiunga nyuma. Utomvu ulimdondokea begani na ngozi ikawaka. Wimbo ulipoisha, ua ulisimama. Nyumba, jiko, chai, na kaburi la baba yake, vyote vilikuwa upande wa Nyamusi.

Kule chini, kwa kile kipande cha majimaji ambapo mahindi yalikuwa yanaoza kila mwaka, Nyamusi alitoka nyumbani kwake. Alikuwa ajuza, mgongo umepinda. Aliangalia mlimani.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo bwana yangu aliupanda."

Akarudi ndani, chungu kilikuwa kwa moto.

Orpah aliporudi, aliweka kikapu chini.

"Nani aliuhamisha, mama?"

"Baba yako. Bwana ya Nyamusi alienda kuchuna chai Kericho akafia huko. Mwanamke alibaki bila mtoto wa kiume. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo wakati huo."

"Na kaburi?"

"Wakizika jiwe hapa, Obwocha atakuwa amelala kwa watu. Chukua jembe."

Ua ulikuwa mrefu kuliko nguvu za watu wawili. Nyangau alikuja kusimama kando na vijana wake, majembe begani. Hakucheka.

"Tutawasaidia, shemeji. Lakini ua wa juu unakaa ninapotaka mimi."

Orpah alimwangalia. Aliangalia kaburi.

"Kaa nao," akasema.

Wakachimba pamoja, Orpah na Nyangau, bega kwa bega, watu ambao hawakuwa wamesalimiana tangu matanga. Macho yaliwauma kwa utomvu. Kufika jua linazama, kila ua ulikuwa umerudi mahali pa wizi wake, na walikuwa wamemwagia maji ili udongo usionekane mpya.

Ijumaa wapima wakaja na mnyororo wao, chifu mbele, wazee wa kamati nyuma. Walikuwa wamefika ua wa chini, jiwe liko tayari kando ya shimo, Nyamusi alipopanda na fimbo yake. Hakumwangalia chifu. Alienda moja kwa moja kwa Machogu.

"Mjukuu wangu. Nipigie ule wimbo. Wote, usikate."

"Wimbo gani?" mpima akauliza.

"Wa kurudisha ua," mzee mmoja akamjibu, akiangalia viatu vyake.

Mpima alipangusa jasho. "Kama kuna wimbo, upigwe sasa. Jiwe likishaingia, halisikii muziki."

Wazee wa kamati walikuwa na nyua zao, zote bado hazijapimwa. Nyangau alianza kukohoa. Orpah alisimama mbele ya kaburi kama mtu anaficha kitu na nguo yake. Machogu alikuwa na rekodi chini ya shati, imekaa baridi kwa tumbo.

"Betri zimekufa, magokoro," akasema. Alikuwa amemwita hivyo, bibi, tangu aanze kuongea.

Nyamusi alifungua fundo la leso yake. Akatoa betri, mpya, bado na karatasi ya duka, akaziweka kwa kiganja cha Machogu, akakifunga kwa vidole vyake vikavu.

"Nilizifuata jana sokoni," akasema. "Kwa miguu."

Machogu alisimama nazo. Kila mtu alikuwa anaangalia mkono wake. Halafu akainama, akaziweka juu ya jiwe la mpaka, polepole, kama mtu anaweka mayai, akageuka, rekodi bado iko chini ya shati, akashika njia ya kupanda barabarani.