Shimo la Wageni

Wizara ya mambo ya nje, ambako binti yangu anafanya kazi, ina desturi ya kumpa kila mgeni mkubwa mti apande. Desturi hiyo ilianza pale sera ya nchi ilipoelekezwa kwenye mabadiliko ya tabianchi, nami niliipenda tangu nilipoiona kwenye televisheni: waziri wa kigeni ameshika koleo, mkurugenzi anapiga makofi, na nyuma yao bendera. Nilimwuliza binti yangu msitu huo umefikia wapi. Akasema, "Mama, hakuna msitu. Kuna shimo."

Shimo lilikuwa moja, kwa kuwa ni mahali pale tu ambapo bendera, jina la wizara na mgeni viliingia katika picha moja bila mgeni kuchomwa na jua. Mgeni alipoondoka, mtunza bustani aliung'oa mche kwa uangalifu, akaurudisha kwenye kopo lake, na kulifunika shimo kwa ubao hadi mgeni mwingine. Mche wenyewe ulikuwa ule ule. Mkurugenzi wa idara aliyaita hayo matumizi endelevu ya rasilimali, wala hakuwa anatania.

Kisha zikaja habari za mto. Nchi mbili jirani, moja ya juu na nyingine ya chini, zilikuwa zikigombania mto uliozidi kupungua kila kiangazi, na nchi yetu ikajitolea kuzipatanisha. Mawaziri wao, ambao kila mmoja alikwisha kupanda mti hapo wizarani miaka kadhaa nyuma, walikubali kuja siku ya Jumatatu. Kila mmoja, pasipo kujua la mwenzake, aliomba jambo moja: kabla ya kikao, aonyeshwe mti wake.

Afisa wa kuwapokea alikuwa binti yangu. Alikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na wiki hiyo hiyo mkurugenzi alitakiwa kuamua kama atathibitishwa kazini au ataachishwa. Mshahara ule ndio uliotulisha, mimi na wadogo zake, kwa hiyo suala la mto lilikuwa limefika hadi jikoni kwangu.

Jumamosi mkurugenzi alikuja kwetu kwa pikapu, pamoja na mtunza bustani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Ndani si lazima. Nimekuja kwa jambo la taifa." Alikuwa akiutazama mwarobaini wangu, ambao ulikuwa umenizidi kimo kidogo na ndipo nilipofunga kamba ya nguo. "Mti huu una umri gani?"

"Ni rika la mjukuu wangu. Ameanza shule juzi."

"Umri mzuri sana," alisema, kama mtu aliyekuja kuposa. "Tunauomba. Na ule wa jirani."

"Jirani yangu hatoi hata chumvi."

"Basi huu utatosha. Mgeni mmoja ataonyeshwa kabla ya chai, mwingine baada ya chai."

Mtunza bustani alitikisa kichwa. "Bosi, ukichimbwa leo, Jumatatu utakuwa umenyauka kama mchicha wa juzi."

"Usimame hadi saa tano tu. Baada ya hapo unyauke kwa nafasi yake."

Nilianza kuanua nguo. Mti ni mti, nikawaza, na ajira ni ajira. Binti yangu akatoka jikoni, mikono imejaa povu.

"Mama, acha nguo zikauke. Bosi, na hao wageni wakisimuliana?"

"Hawasemezani. Ndiyo maana tumewaita."

"Nilidhani tumewaita wasemezane."

"Usinifundishe diplomasia. Unajua kuthibitishwa kwako kuko mikononi mwa nani?"

"Najua. Lakini nitawaambia shimo ni moja."

Mkurugenzi alinigeukia. "Mama, huyu ulimlea wewe?"

"Nilijitahidi," nikamjibu. "Mengine kayatoa kwa baba yake."

Walipoondoka na pikapu tupu, nilimgombeza binti yangu hadi maharage yakaungua. Alikula hayo hayo yaliyoungua, na hakubadili neno.

Jumatatu mkurugenzi alipatwa na homa ya ghafla, akamwachia binti yangu wageni wote wawili. Naye aliwapeleka bustanini pamoja, akaufunua ubao, akawaeleza kila kitu. Mtunza bustani akauleta mche katika kopo lake. Ulimfika magotini.

"Huu ndio mti wangu?" aliuliza waziri wa nchi ya juu. "Umedumaa!"

"Wako?" akasema wa nchi ya chini. "Wangu ndio uliodumaa!"

"Mimi nilitangulia kuupanda."

"Ndiyo maana nilikuta umelegea."

Walibishana hivyo hadi chai ikapoa. Walichokubaliana ni kwamba wametukanwa kwa kiwango sawa, na nchi iliyowatukana ni yetu. Wakaingia chumba kimoja, wakatoka na tamko la pamoja, la kwanza baada ya miaka mingi. Lililaani desturi yetu na kudai mche upandwe moja kwa moja, umwagiliwe na balozi zao kwa zamu, ndoo kwa ndoo, kwa kipimo sawa, chini ya usimamizi wa yule afisa aliyesema ukweli. Jioni mkurugenzi, akiwa amepona, alisema kwenye televisheni kwamba hayo ni makubaliano ya kwanza ya kugawana maji baina ya nchi hizo, na kwamba aliyatarajia.

Siku ya pili alimwita binti yangu amwachishe kazi kwa kuiaibisha wizara. Mwanasheria wa wizara akamkumbusha kwamba tamko lilikwisha kupokelewa, na kwamba afisa wa majaribio haruhusiwi kusimamia balozi za nje. Ilibidi amthibitishe kabla ya saa ya kumwagilia. Alitia saini bila kumkaribisha kiti.

Wiki hiyo hiyo mvua ikanyesha. Ubalozi wa juu ulidai kwamba zamu yake imeshatimizwa na mvua, kwa kuwa mawingu yalitoka upande wake. Ubalozi wa chini ukapinga vikali. Binti yangu aliamua kwamba mvua haihesabiki kuwa ndoo ya mtu. Wote wawili walikasirika, na wote wawili wakaleta maji.

Alirudi nyumbani viatu vimejaa tope. Nilimpakulia maharage, safari hii hayakuungua, nikamwambia nilikosea kuhusu ule mwarobaini.

"Najua, mama," alisema, na akaomba chumvi.