Vinyweleo vya Océane

Mama mkwe wangu alikwisha kutoa hukumu: binti yangu Océane anakohoa tangu azaliwe kwa sababu mimi, mama yake, ni mchawi. Jumapili nilitakiwa kupiga magoti mbele ya kikundi chetu cha sala mtaani Evere na kukiri. Nikikataa, mtoto atahamia kwa wifi yangu mtaa wa Uccle, mbali nami. Arnaud, mume wangu, alisikiliza yote hayo huku akitafuna karanga. Nilimtetea moyoni. Mtu afanye nini mbele ya mama aliyemzaa?

Basi Ijumaa, siku mbili kabla, tukawa hospitali. Daktari, mwanamke wa Kiflamandi asiye na papara, alikwisha kuingiza kiburashi puani mwa Océane na kuweka alichokwangua chini ya hadubini. Akatuwashia skrini. Kwanza tuliona seli za pua ya mtu mwenye afya: zimebanana bega kwa bega, na juu ya kila moja vinyweleo vingi vinainama na kuinuka kwa pamoja bila kuchoka. Hivyo ndivyo njia ya hewa inavyojifagia, alisema. Vumbi na vijidudu hunasa kwenye ute, vinyweleo vikausukuma hadi kooni, nawe ukaumeza bila kujua.

Kisha akatuonyesha za Océane. Seli zilezile, vinyweleo vilevile, lakini vimesimama tu. Kimoja kilitikisika, kikaacha. Ndani ya kila kinyweleo, alieleza, kuna vijiti vyembamba vyenye vijikono vya kukiendesha, na huyu alizaliwa bila vijikono hivyo. Ute unatuama mapafuni, ndiyo maana anakohoa bila kupona. Hata moyo wake kukaa kulia, kama picha ilivyoonyesha, ni kwa sababu hiyohiyo, kwani vinyweleo vya namna hii ndivyo vinavyoupangia moyo upande mtoto angali tumboni. Kasoro hiyo hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili.

Nilitaka kumkumbatia yule daktari. Nilikuwa nimesafishwa!

"Donc Kalenga habakumuloga?" Arnaud akasema, kama mtu aliyesahau kwamba hayuko peke yake.

Kalenga alikuwa mdogo wake. Mimi niliambiwa alikufa kwa ajali ya gari kule nyumbani Likasi, si kwa kulogwa.

Daktari, asiyejua Kiswahili, aliuliza kama kuna mwingine katika familia aliyekohoa hivi tangu utotoni.

"Non, docteur. Personne," Arnaud akajibu haraka kwamba hakuna.

Nilimvuta hadi kwenye korido. Océane alibaki ndani akichezea glavu ambayo daktari alimpulizia kama puto.

"Kalenga alikuwa anakohoa?" nikamuuliza.

"Tangu mutoto, mupaka kufa. Na moyo yake ilikuwa ku droite, sawa ya Océane. Maman alikatazaka tuseme, juu ungekatala ndoa."

"Na wakati baliniita mulozi, mchawi?"

"Bon... niliona itapita."

Itapita! Nilifunga kwa sala hadi nikaanguka jikoni. Nilimwagiwa mafuta kichwani na watu wakanipigia kelele nimwachie mtoto. Kila mara ni Arnaud aliyenishika mkono kunipeleka kikundini. Nilidhani ananishika ili nisianguke. Hasira ilinipanda, na chini yake aibu ya kuwa nilimwamini.

Akanisogelea, akapunguza sauti.

"Chérie, dimanche, mbele ya kikundi, sema tu ile maneno, maman atulie. Ni maneno tu. Sisi babili tunajua ukweli."

Nilimtazama vizuri usoni. Hakuwa anatania.

Nikarudi kwa daktari. Nilisema kwa Kifaransa, polepole, ili Arnaud pale mlangoni asikose hata neno: yuko mmoja, baba mdogo wa mtoto. Aliitwa Kalenga. Moyo wake ulikuwa kulia, na alikufa akikohoa. Daktari akayaandika yote.

Nikamvisha Océane koti.

"Maman Océane, unanipatisha haya," Arnaud akanong'ona.

"Dimanche uende wewe peke," nikamwambia. "Ubaambie mulozi ameenda na mutoto yake."